Vipimo vya Mtu Aliyesimama

Siku ya kwanza aliyochorwa alama, Fundi alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akavua blauzi, akachukua futi yake ya kupimia na kujipima. Hakuwa na sababu yoyote. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mpishi anayejikuta amefunua sufuria katika nyumba ya watu. Mtu aliyekaa nyuma ya cherehani miaka ishirini na sita hawezi kuona mstari bila kutaka kujua una inchi ngapi.

Alama zenyewe zilikuwa tatu, misalaba midogo ya wino wa zambarau. Mmoja ulikuwa katikati ya kifua, mmoja ubavu wa kulia, na mmoja ubavu wa kushoto, chini kidogo ya kwapa, upande ule ambao daktari alikuwa ametoa uvimbe. Juu ya kila msalaba palibandikwa kipande cha plastiki laini chenye gundi. Mtaalamu wa mashine alimweleza kwamba mionzi ingezifuata alama hizo kila siku, mara ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Asizisugue. Asizipake kitu. Zikianza kufifia, aseme.

"Useme kwangu, mama," alikazia. "Wewe usifanye lolote."

Fundi aliitikia kama mtoto wa shule. Kisha, nyumbani, akasimama wima mbele ya kioo, mabega sawa, kama anavyowasimamisha wateja wake wote, akapima kutoka katikati hadi kulia, kutoka katikati hadi kushoto, na kutoka kwapani kushuka hadi kila alama. Akafungua daftari la vipimo, akapata ukurasa mtupu baada ya ule wa karani wa benki mwenye mabega mapana, akaandika juu: "Mimi." Chini yake akaandika namba. Akajicheka peke yake, akalifunga daftari na kulirudisha kwenye mtoto wa meza.

Wiki tatu zikapita, na kwa kweli hazikupita vibaya. Watu walikuwa wamemtisha kuliko mashine yenyewe. Alitegemea kuungua kama mahindi jikoni; alichokuta ni chumba chenye baridi, kitanda kigumu, mashine kubwa inayomzunguka ikinguruma taratibu kama jirani anayekoroma nyuma ya ukuta, na sauti ya yule mtaalamu kwenye spika: "Usitikisike, mama. Usitikisike." Wagonjwa wote walimwita Bi Usitikisike, naye alijua, wala hakununa.

Madhara yalikuja polepole, kwa adabu, kama wageni wanaopiga hodi. Kwanza ngozi ya kushoto ikawa nyeusi zaidi na kavu, mfano wa kitambaa cha pamba kilichopitiwa na pasi ya moto mno. Kisha ikaanza kuwasha. Kisha ukaja uchovu, ambao ulikuwa na saa yake: ikifika saa nne asubuhi, magoti yanalegea, mkasi unakuwa na uzito wa nyundo. Fundi alijifunza kutopigana nao. Alikuwa akisogeza vitambaa, anajilaza juu ya meza ya kukatia nusu saa, kichwa juu ya robota la bitana, anaamka, anaendelea na pindo alipoliachia.

Sidiria aliiweka kando tangu wiki ya pili. Akajishonea blauzi pana za pamba laini, na kwa kuwa hata mshono mdogo ulimkwaruza, akazishona mishono ikitazama nje. Nyuzi zote hadharani. Wateja wapya walisita mlangoni.

"Fundi gani huyu aliyevaa nguo kinyume?" aliuliza mmoja, akidhani hasikiki.

"Ni mtindo mpya," wifi wa Fundi alidakia kutoka kwenye kona ya vifungo. "Hii bei yake huiwezi."

Wifi alikuwa mdogo wa mume wa Fundi. Mume mwenyewe alikuwa dereva wa malori ya masafa, akipiga simu kila jioni kutoka kituo tofauti, akiuliza maswali yale yale matatu. Wifi ndiye aliyekuja. Alisema anakaa wiki moja, akaja na begi la wiki moja, na sasa ulikuwa mwezi wa tatu. Aliosha, alipika, alishona vifungo, alimsindikiza Fundi hospitali kila alasiri, na alisema. Mungu wangu, alisema! Lakini alikuwa na roho nyepesi kama karatasi. Alijilaumu kwa kila kitu. Mvua ikinyesha siku aliyofua, aliomba radhi. Wiki ya upasuaji alilia mpaka muuguzi akamletea kiti yeye badala ya mgonjwa, kwa kuwa, alisema, siku ile Fundi alipomwambia kwa mara ya kwanza kuhusu uvimbe alikuwa amejibu, "Ah, hiyo ni joto tu." Neno hilo moja alilibeba kama gunia.

Ndiyo maana lilipotokea la Jumamosi, Fundi aliamua kunyamaza.

Jumamosi hiyo mwasho ulimzidi. Alikuwa ameketi anatandaza mikono hewani kama kuku aliyelowa. Wifi akashindwa kuvumilia kumwona vile, akaleta kopo la mafuta ya mgando, yale mazito.

"Mgongoni tu na ubavuni," alisema. "Alama zako sizigusi. Nitazizunguka kama anayefagia kando ya mgonjwa aliyelala."

"Walisema nisipake kitu."

"Walisema usipake wewe. Mimi sikuambiwa."

Fundi akacheka, na aliyecheka keshakubali. Mikono ya wifi ilikuwa baridi na ya huruma, na mwasho ukalala. Fundi naye akalala.

Jumapili asubuhi, alipovua gauni la kulalia, kipande cha plastiki cha ubavu wa kushoto kilikuwa kimenata ndani ya gauni. Mafuta yalikuwa yamepenya chini yake. Msalaba wote ulikuwa umehamia kwenye plastiki, safi kabisa, kama mchoro wa nakala. Ubavuni hapakubaki hata nukta.

Nje, wifi alikuwa anaanika nguo huku anaimba.

Fundi aliketi kitandani. Mambo mawili yalimjia kwa pamoja. La kwanza lilikuwa wifi: akijua, ataacha kula. La pili lilikuwa maneno ya kwenye benchi la hospitali, ambapo mama mmoja mwenye kilemba alisema, kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho yake, kwamba yupo aliyefutikiwa na alama, akarudishwa mwanzo, moja, mbili, tatu, kama hajawahi kufika. Fundi alikuwa amemaliza kumi na tano. Alizipenda kumi na tano zake. Kila moja alikuwa ameilipa kwa ngozi.

Ndipo alipokumbuka daftari.

Akaingia kwenye chumba cha kushonea, akafunga mlango, akatoa daftari na ile kalamu nyeusi ya kuandikia majina kwenye sare za wanafunzi, wino usiojali sabuni. Na hapa alikuwa mwangalifu hasa. Hakutaka kubahatisha. Alikumbuka kwamba hospitalini walimchora akiwa amelala chali, mkono wa kushoto umepandishwa juu ya kichwa. Basi akalala chali juu ya meza ya kukatia, akapandisha mkono wa kushoto, akaegemeza kioo kidogo kwenye pasi, na kwa mkono wa kulia akavuta futi kutoka msalaba wa katikati: inchi nane na robo. Kutoka kwapani kushuka: inchi tano na nusu. Akatia nukta. Akapitisha mistari miwili.

Alipokitazama kioo, aliona fahari. Msalaba wake ulikuwa mnyoofu kuliko ule wa hospitali; hata aliona aibu kidogo kwa niaba yao. Akabandika plastiki mpya iliyokatwa kutoka kwenye mfuko wa kufungia mashati; chini yake ungedhani wino ni ule ule wa zambarau. Mchana akala vizuri. Wifi alimuuliza mbona anatabasamu na sahani, akasema chakula kitamu.

Jumatatu saa tatu asubuhi akaja Trafiki.

Trafiki alikuwa askari wa barabarani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusimamisha magari hata bila mkono. Alikuwa ameshonewa shati jipya la sare wiki iliyopita, na sasa alisimama katikati ya chumba akilivuta chini kwa hasira.

"Fundi, tazama. Nikisimama hivi, mimi ni bibi wa heshima. Sawa?"

"Sawa. Limekukaa."

"Sasa mimi sikuajiriwa kusimama. Nimeajiriwa kufanya hivi." Akanyanyua mkono, kiganja mbele, kana kwamba lori linakuja. Shati lote likapanda. Mshono wa ubavuni ukakimbia juu, pindo likatoka kwenye mkanda, na kipande cha tumbo kikatokeza kusalimu umma.

"Madereva wanasimama kwa kuheshimu sheria au kwa kuangalia?" wifi aliuliza kutoka kwenye vifungo.

"Juzi mmoja alisimama, akaniambia, 'Afande, funika, utapata baridi.'"

Wifi alijipiga kofi la paja. Fundi hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, pini tatu mdomoni, macho yake yakiwa sawa na ubavu wa Trafiki.

"Shusha mkono," alisema kupitia pini.

Trafiki akashusha. Mshono ukarudi.

"Pandisha."

Ukapanda.

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kijimto cha pini alichofunga mkononi. Lilikuwa jambo analolijua tangu alipokuwa mwanafunzi wa ushonaji. Alikuwa amewaambia mafundi wenzake mara mia. Mkono ukipanda, ngozi inapanda nao, na nguo pia. Kutoka katikati ya kifua hadi ubavuni kwa mtu aliyesimama ni namba moja. Kwa mtu huyo huyo aliyeinua mkono ni namba nyingine.

Na yeye, siku ile ya kwanza, alijipima amesimama. Namba za daftari zilikuwa za mtu aliyesimama. Jana alizitumia kwa mtu aliyelala.

"Fundi? Unaumwa?" Trafiki aliinama.

"Hapana. Nitakupunguzia kwapa, halafu nitakuongezea kipande chini yake. Utasimamisha hata ndege. Njoo kesho."

Trafiki alipoondoka, Fundi alisema anakwenda kujinyoosha kidogo, na wifi hakushuku kitu, maana saa nne ilikuwa inakaribia. Nyuma ya mlango alifanya jambo moja tu. Msalaba wa kulia ulikuwa bado ni ule wa hospitali. Akasimama, akaupima: inchi nane kamili, kama daftari lilivyosema. Akalala, akapandisha mkono wa kulia, akaupima tena. Inchi saba na nusu.

Nusu inchi. Kwenye koti ungeimeza kwa pindo na mteja asijue maisha yake yote.

Alibaki amelala pale pale akitazama dari. Usingizi haukuja, ingawa ilikuwa saa yake.

*

Kwenye benchi la hospitali, alasiri, Refa alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, chini ya tangazo la kunawa mikono, chupa ya maji kati ya magoti. Alikuwa mwamuzi wa mpira aliyestaafu, mwenye saratani ya koo. Mionzi ilikuwa imemkausha mate na kumwachia sauti ya karatasi inayokunjwa. Wifi alimsalimu, kisha akaenda kutafuta maji ya moto kwa chupa ya chai, akawaacha wawili.

"Shikamoo, Refa. Koo?"

"Marahaba." Akanywa tone, akameza kwa kukunja uso. "Miaka thelathini uwanja mzima ulinipigia kelele. Sasa nataka kuwajibu, sauti imekwisha." Akamtazama. "Leo wewe umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

"Nimetazama nyuso za watu wanaoficha rafu tangu hujaolewa."

Fundi akacheka kidogo, kisha akavuta pumzi. Akauliza kana kwamba anaulizia jirani: je, mtu akifanya kosa, na kosa halionekani, na akilisema ataumia yeye na mtu mwingine asiye na hatia, afanye nini?

Refa alikunywa tone jingine.

"Niliwahi kutoa penalti isiyo penalti," alinong'ona. "Nilijua kabla mpira haujawekwa chini. Ningeweza kufuta. Nikaogopa makelele. Mpigaji akapiga, bao." Akaonyesha kidole mlango mzito wa chumba cha mashine. "Hadi leo nikinunua mkate naona muuza mkate ananitazama. Kabla ya kupigwa unaweza kufuta, mama. Ukishapigwa, umepigwa."

Mlango ukafunguka. Bi Usitikisike akatoa kichwa, kalamu imechomekwa kwenye nywele.

"Mama Fundi, karibu."

Hatua kutoka kwenye benchi hadi ndani zilikuwa kumi na mbili; aliwahi kuzihesabu. Leo zilikuwa chache mno. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka. Bi Usitikisike alikuwa anaosha mikono, akiuliza kuhusu ngozi, kuhusu usingizi, kuhusu yule wifi anayechekesha korido nzima. Fundi alisimama kando ya kitanda, ameshika kola ya blauzi yake, hapandi.

"Mwanangu," alisema. "Kabla sijapanda. Alama ya kushoto si yenu. Ni yangu."

Maji yakafungwa.

"Yako vipi?"

"Ilifutika. Nikachora nyingine. Nilipima, lakini nilipima vibaya. Vipimo vilikuwa vya nikiwa nimesimama."

Bi Usitikisike alimlaza, akasogeza taa, akaondoa kile kipande cha mfuko wa mashati kwa ncha za vidole, akakitazama mbele na nyuma. Akautazama msalaba mweusi. Fundi alianza kuhesabu vigae vya dari.

"Kwa nini hukuniambia tu imefutika?"

"Niliogopa kurudishwa moja."

"Nani alikuambia mtu anarudishwa moja?"

"Benchi."

"Benchi!" Bi Usitikisike aliketi kwenye kigoda chake. "Lile benchi nitaling'oa kwa mikono yangu. Wiki iliyopita lilimwambia mtu asioge mwezi mzima. Akatii! Mama, kumi na tano zako zimeingia mwilini. Nani atazitoa? Anayefutikiwa na alama anachorwa upya, basi. Tuna picha zako, tuna hesabu zako, tuna alama mbili zilizobaki. Inachukua saa moja."

Fundi alihisi kitu kinamtoka kifuani, pole pole, kama hewa kwenye mto unaokaliwa.

"Na hii yangu... imekosea sana?"

Bi Usitikisike akainua kidole kimoja cha shahada, akakilaza kati ya mahali fulani na mahali fulani ubavuni. "Upana huu."

"Kidole kimoja."

"Kidole kimoja kwako ni pindo. Kwangu ni mtaa mwingine kabisa. Huko kuna pafu ambalo halijatukosea." Kisha, kwa sauti ya chini: "Mashine ina macho, pengine tungegundua. Pengine. Mimi neno pengine silipendi humu ndani. Asante kwa kusema, mama."

Akamwita mwenzake anayepiga hesabu za mionzi, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani. Mzee aliinama, akautazama msalaba mweusi.

"Nani kachora huu?"

"Mgonjwa," alisema Bi Usitikisike.

"Mnyoofu sana." Akabadilisha miwani. "Mahali si penyewe, lakini mnyoofu sana."

"Ni fundi cherehani."

"Ah. Kinyozi hajinyoi," alisema mzee, akaenda kwenye kompyuta yake.

Walijaribu kuufuta kwa spiriti, ukagoma. Wakajaribu tena. Bi Usitikisike akauliza ni wino gani, na Fundi, kwa aibu iliyochanganyika na majivuno asiyoweza kuyazuia, akasema ni ule wa sare za shule, mtoto anavaa mwaka mzima na jina lipo. Basi wakauzungushia duara kuonyesha umebatilishwa, wakaanza kazi yao.

Ilichukua zaidi ya saa. Walimpiga picha, wakasogeza kitanda unywele kushoto, wakampiga nyingine. Mistari ya taa nyekundu ilipita juu ya kifua chake. Mkono wa kushoto ulikufa ganzi juu ya kichwa. Mzee alitaja namba, Bi Usitikisike akazirudia, mzee akazitaja tena, naye akazirudia tena, wala hakuna aliyeona ni kupoteza muda. Fundi alisikiliza. Maisha yake yote yeye ndiye alikuwa wima na watu ndio walikuwa kitambaa. Yeye ndiye mwenye pini, anayesema geuka, simama, usicheke. Sasa alikuwa amelazwa juu ya meza, na watu wawili wanaojua kazi yao walikuwa wamemwinamia kwa uangalifu ule ule, wakibishana juu ya uzi mmoja. Alijua sauti hiyo. Ndiyo sauti ya fundi asiyetaka kuharibu kitambaa cha mtu. Akaacha kukaza mabega. Akajiachia apimwe.

Kalamu ya zambarau ilipomgusa ubavuni, baridi, ilimtekenya.

"Hapo ndipo," alisema Bi Usitikisike.

Kisha wakatoka, mlango mzito ukafungwa, na mashine ikaanza kuzunguka na ngurumo yake ya jirani anayekoroma. Kumi na sita.

*

Wifi alikuwa amesimama katikati ya korido, chupa ya chai imekumbatiwa kama mtoto mchanga. Refa alikuwa amekwisha hudumiwa kwenye mashine ya pili na kurudi nyumbani.

"Saa moja na nusu! Nimesoma tangazo la kunawa mikono mpaka nalijua kwa kichwa! Walikuwa wanakushona upya humo ndani?"

"Twende nje kwanza."

Waliketi kwenye ngazi za upande, kwenye kivuli, chini ya dirisha la chumba cha wataalamu. Fundi akamweleza yote, kuanzia gauni la kulalia hadi mzee wa miwani miwili. Hakuruka kitu. Alisema haraka, macho kwenye vidole vya miguu yake, na alipomaliza akasubiri kilio.

Wifi hakulia. Alikuwa kimya, kwa mara ya kwanza tangu aje na begi la wiki moja.

"Mafuta yangu," alisema mwishowe.

"Mafuta yalikuwa yako. Kalamu ilikuwa yangu."

"Na tangu jana unajua. Jana ulikula ukatabasamu na sahani."

"Sikutaka ulie."

"Nilie nisilie ni shauri langu!" Sauti ilirudi, na nguvu zake zote. "Wewe una saratani. Una ngozi inayowaka, una uchovu, una mume wa kwenye simu, una kila kitu. Mimi nina kosa moja, dogo, la kwangu mwenyewe, na hilo nalo unataka kuninyang'anya?"

Fundi alianza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa sababu ubavu ulivutika, akashindwa, akacheka mpaka akalishika tumbo na kusema, "Basi, wifi, basi, utanichana." Wifi alimtazama kwa ukali, midomo ikimtetemeka, kisha naye akashindwa. Walicheka wawili pale kwenye ngazi hadi mlinzi akageuka kuwatazama.

Wifi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Akainuka, akajinyoosha gauni, akamkabidhi Fundi chupa ya chai.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwona yule binti. Nikamwambie mwenyewe mafuta ni ya nani. Halafu aniambie nikupake nini, na lini, na wapi, maana mikono hii kukaa bure haiwezi, na wewe kujikuna kama mbuzi ukutani sitaki kukuona tena."

"Wana kazi, wifi."

"Nami nina kazi."

Akaingia. Fundi alibaki peke yake. Ngozi ilikuwa inawaka, uchovu ulikuwa umemkalia begani kama mtoto mzito, na zilikuwa zimebaki tisa. Akamimina chai kwenye kifuniko. Kupitia dirishani akasikia hodi, kisha sauti ya wifi, kubwa kuliko chumba: "Mwanangu, mimi ndiye mwenye mafuta." Kisha Bi Usitikisike akacheka, kicheko kirefu ambacho Fundi hakuwahi kukisikia kwenye spika, na baada ya hapo akaanza kueleza, polepole: krimu ipi isiyo na manukato, mbali na alama kiasi gani, baada ya mionzi na si kabla. Na wifi akawa anarudia kila neno kwa sauti, kama mwanafunzi anayekariri.

"Na usiku je?" wifi aliuliza. "Na akitoka jasho? Na shuka, nizifue kwa sabuni gani?"

Fundi alijua maswali hayo yatafika kumi. Akavua viatu, akanyoosha miguu kwenye ngazi, akanywa chai yake taratibu.